Bloku, tofali za kufungamana au za kuchoma: ukuta upi kwa nyumba ya Arusha, upi kwa nyumba ya Moshi

Msingi ukishafika usawa wa jamvi (sakafu ya zege), swali ni lilelile, uwe Muriet ya Arusha au Pasua ya Moshi: kuta zipande kwa tofali gani? Fundi anataka bloku za saruji kwa kuwa ndizo alizozizoea. Jirani amejenga kwa tofali za kufungamana, zile zinazoshikana zenyewe kwa meno, na nyumba imependeza bila lipu. Shemeji wa kule tambarare ana tofali za kuchoma, zimeshapoa kwenye tanuru, na bei anakufanyia ya kifamilia. Wote watatu wana hoja. Lakini ni wachache wanaouliza ukuta huo utakula saruji na kuni kiasi gani, na ukishahamia utalala humo vizuri bila feni ya Februari wala jiko la mkaa la Julai.

Maswali hayo mawili ni ya pamoja. Hewa ukaa ya nyumba hutoka kwanza wakati wa kujenga, kisha hutoka kidogokidogo miaka yote ya kuipoza na kuipasha joto. Ukuta uliookoa saruji lakini ukakulazimisha kununua kiyoyozi haujaokoa kitu.

Tunapima nini

Kwanza, saruji na kuni kwa mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika, pamoja na mota (saruji na mchanga wa kuunganishia tofali) na lipu. Kuhesabu kwa tofali moja moja hudanganya, kwa sababu tofali hazilingani ukubwa. Pili, joto na baridi. Tatu, mvua. Nne, makosa ya kawaida ya ujenzi. Bei hatuitaji hapa kwa sababu hubadilika kila msimu, ila ukiuliza bei, uliza ya mita ya mraba iliyokamilika, usiulize ya tofali.

Kwa nini saruji ipewe uzito hivi? Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo hadi kwenye nyuzi 1,450 hivi. Hewa ukaa hutoka mara mbili: kwenye mafuta ya tanuru, na kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kuwa klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji. Hiyo ya pili haiondoki hata kiwanda kikipata nishati safi kabisa. Ndiyo maana saruji iliyochanganywa pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano yaliyosagwa, ni nafuu kwa mazingira: klinka yake ni kidogo. Kwa makadirio, mfuko wa kilo 50 hubeba kilo 30 hadi 45 za hewa ukaa, kutegemea kiasi cha klinka. Kuileta kwa lori kutoka Tanga huongeza kilo chache tu kwa mfuko. Tanuru ndilo lenye deni kubwa.

Kuhusu hali ya hewa, Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini kati ya 800 na 900. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Moshi hupata nyuzi 3 au zaidi juu ya Arusha siku ileile. Usiku wa Julai Ngaramtoni unataka blanketi mbili. Mchana wa Februari Mabogini unataka kivuli na upepo. Mtu wa Marangu au Kibosho asome ushauri wa Arusha hata kama anwani yake ni Moshi.

Bloku za saruji (inchi 6, sm 45 kwa 22.5 kwa 15)

*Saruji na kuni.* Mita moja ya mraba hula bloku 10 ukihesabu na zinazovunjika. Mfuko mmoja ukitoa bloku 30, hizo ni kilo 17 za saruji. Mota huongeza kilo 5 hivi. Lipu ya milimita 15 ndani na nje huongeza kilo 9. Jumla kilo 31. Kuni hakuna.

*Joto na baridi.* Ukuta imara wa sm 15 huchelewesha joto kwa muda wa saa 4 hadi 5. Joto lililopiga ukuta wa magharibi saa 10 jioni huingia chumbani kati ya saa 2 na saa 3 usiku. Arusha hiyo ni zawadi, maana linafika pamoja na baridi. Moshi ni adhabu, kwa sababu ndiyo saa ya watoto kulala. Bloku za inchi 5 hupitisha joto mapema zaidi, na zikilazwa kwa ubavu mwembamba kuokoa hela, nyumba huwa oveni mchana na friji alfajiri.

*Mvua.* Inastahimili vizuri ikipigwa lipu. Bila lipu hunyonya maji ya masika na kuonyesha madoa ndani.

*Makosa.* Kosa kubwa hufanyika kabla bloku haijafika kwako. Wauzaji wengi hutoa bloku 40 au zaidi kwa mfuko, wanazimwagilia siku moja, kisha zinaanikwa juani. Saruji haikauki kama nguo. Inashikana kwa kunywa maji, na ikinyimwa hubaki unga. Kwaruza kona ya bloku kwa msumari: ikichimbika kirahisi na mchanga ukamwagika, rudisha. Iangushe nyingine kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Nzuri huvunjika vipande viwili au isivunjike, mbovu husambaratika. Bora kufyatua mwenyewe kwenye kiwanja, kuzifunika, na kuzimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Kwa saruji ya pozolana ya 32.5 (namba ya daraja la nguvu) wakati wa baridi ya Arusha, fikisha siku 10, maana hushika polepole.

*Inamfaa* mwenye fundi wa kawaida, kiwanja chenye udongo mbaya, au nyumba itakayopanda ghorofa kwa nguzo na boriti za zege.

Tofali za kufungamana (udongo na saruji, sm 30 kwa 15 kwa 10)

*Saruji na kuni.* Hapa ndipo watu hukosea hesabu, kwa hiyo tutakaa kidogo. Wengi wanaamini tofali hizi hazina saruji kabisa. Zinayo. Mita ya mraba hula tofali 34, na kiasi cha saruji hutegemea udongo wako. Kuna kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya: tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sm 60, upana sm 4 na kina sm 4. Kipake mafuta ndani, shindilia udongo uliolowa, uache juani siku 3. Ukikauka, usukume upande mmoja na upime nafasi iliyobaki.

Nafasi ikiwa chini ya milimita 15, changanya debe 1 la saruji kwa madebe 18 ya udongo. Ikiwa 15 hadi 30, tumia 16. Ikiwa 30 hadi 45, tumia 14. Ikiwa 45 hadi 60, tumia 12. Zaidi ya hapo udongo una mfinyanzi mwingi mno: ongeza mchanga upime upya, au acha. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingia kidole wakati wa kiangazi, usihangaike nao.

Kwa udongo mzuri, mfuko hutoa tofali 68 hadi 85, yaani kilo 20 hadi 25 za saruji kwa mita ya mraba. Kwa udongo wa debe 12 utafika kilo 28. Faida inatoka kwingine: mota ni ya kozi (safu ya tofali) ya kwanza tu, na ukuta hauhitaji lipu. Ukiujenga kisha ukaupiga lipu pande zote mbili, umerudi kwenye kilo 30 na zaidi, sawasawa na bloku. Nyumba nyingi zinapoteza faida yao hapo. Kama moyo wako hautatulia mpaka ukuta uwe laini na mweupe nje na ndani, chagua bloku tangu mwanzo.

*Joto na baridi.* Unene ni uleule wa sm 15, na tabia ni karibu ileile ya bloku. Anayekuambia nyumba ya udongo ina baridi yenyewe hata ikiwa na bati tupu juu anakudanganya.

*Mvua.* Adui ni maji yanayoruka kutoka chini. Inua msingi wa mawe sm 30 hadi 45 juu ya ardhi, weka nailoni nzito juu yake kabla ya kozi ya kwanza, na upenu uchomoze sm 60 au zaidi. Upande unaopigwa na mvua za masika hupakwa dawa ya kuzuia maji au lipu nyembamba, upande huo mmoja tu.

*Makosa.* Udongo wa juu wenye mizizi na mboji, sm 30 hadi 50, utolewe wote. Chekecha kwa wavu wa milimita 5. Ukishatia maji, maliza mchanganyiko ndani ya saa moja. Ule uliosubiri mafundi watoke kula chakula cha mchana umeshaanza kushika, na tofali zake zitamomonyoka kingo. Jaribu unyevu kwa kufinya donge na kuliangusha kutoka usawa wa bega: likibaki zima lina maji mengi, likiwa unga ni kavu, likigawanyika vipande vinne au vitano liko sawa. Funika tofali kwa nailoni siku 7 ukimwagilia, kisha ziache mpaka siku 28 ndipo ujenge.

Kosa jingine ni la mashine. Mwendeshaji asipojaza kwa kipimo kilekile, tofali zinapishana milimita 1 au 2 kwa kimo, na kozi ya ishirini inakuwa imelala. Pima kimo cha tofali moja katika kila kumi kwa rula ya chuma. Kozi ya kwanza ilazwe kwa pima maji kwa subira zote, nusu siku ikibidi. Mabomba ya umeme yapangwe kabla, kwa sababu ukuta huu ukichimbwa na grainda baadaye unaharibika sura na nguvu.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezitangaza tofali hizi kwa miaka mingi na kufundisha mafundi. Fundi aliyejifunza ni wa kutafuta kabla ya mashine ya kukodi.

*Zinamfaa* mwenye udongo mwekundu mzuri kiwanjani, nyumba ya chini, na subira ya mwezi mmoja. Shimo la karo la mita 2 kwa 2 kwa 3 hutoa mita za ujazo 12, ambazo ni sehemu kubwa ya udongo wa kuta za nyumba ndogo, bila lori hata moja.

Tofali za kuchoma

*Saruji na kuni.* Tofali ya sm 23 kwa 11 kwa 7.5 ina uzito wa kilo 3 hivi. Ukuta wa sm 23 hula tofali 90 kwa mita ya mraba. Saruji ndani ya tofali hakuna, ila kwa kuwa tofali za tanuru la kienyeji hazilingani, mota huwa nene, na mota pekee hufika kilo 16. Lipu ya ndani ikiongezwa, jumla ni kilo 20 hadi 21. Kisha kuni: tanuru la kienyeji hula takriban nusu tani hadi tani moja kwa tofali elfu, yaani kilo 45 hadi 90 kwa mita ya mraba. Kilo ya kuni kavu hutoa kilo moja na nusu ya hewa ukaa. Kuni zikitoka shamba la miti linalopandwa upya, miti mipya huirudisha hewa hiyo taratibu. Zikitoka kwenye mti wa asili uliokatwa kando ya mto, hakuna wa kurudisha. Tanuru linalochomwa kwa pumba za mpunga, na pumba hazikosekani kwenye skimu za mpunga za Moshi ya chini, ni jambo tofauti kabisa. Muulize mchomaji amechoma kwa nini, na uonyeshwe.

*Joto na baridi.* Unene wa sm 23 huchelewesha joto kwa muda wa saa 6 hadi 7, na hii ndiyo nguvu yake. Arusha ukuta huu ndio unaotulia kuliko zote tatu. Moshi hufaa kwa kuta za kaskazini na kusini zenye kivuli; wa magharibi usio na kivuli utatoa joto saa 4 usiku.

*Mvua.* Iliyoiva haina shida. Isiyoiva huanza kumenyuka ndani ya misimu miwili.

*Makosa.* Zilizo pembeni na juu ya tanuru huwa hazijaiva. Gonganisha mbili: iliyoiva hulia kama sahani, mbichi hutoa mlio mzito. Loweka moja usiku kucha. Ikiongezeka uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, iache kwa kuta za ndani. Na zilowekwe kabla ya kujenga, kwani tofali kavu hunyonya maji ya mota, na mota ikabaki unga.

*Zinamfaa* aliye karibu na tanuru lenye kuni za shamba au pumba, na anayetaka ukuta mnene wa kudumu.

Kwa mita moja ya mraba

| | Bloku | Kufungamana | Kuchoma (sm 23) |
|---|---|---|---|
| Idadi | 10 | 34 | 90 |
| Saruji ya kufyatulia, kilo | 17 | 20–25 | 0 |
| Mota, kilo | 5 | 1 | 16 |
| Lipu, kilo | 9 | 0 | 4–5 (ndani) |
| Kuni, kilo | 0 | 0 | 45–90 |

Nyumba yenye kuta za mita za mraba 150 itakula mifuko 93 kwa bloku, na 66 hivi kwa kufungamana bila lipu, ukichukua kilo 22 kwa mita. Tofauti ni mifuko 27, karibu tani moja ya hewa ukaa. Ni kitu cha maana. Lakini tazama na chini ya miguu: jamvi la mita za mraba 100 lenye unene wa sm 10 ni mita za ujazo 10 za zege, mifuko 60 hivi. Anayebishana wiki nzima juu ya tofali, kisha akaongeza korido na sebule ya pili isiyokaliwa, amezipoteza zile 27 zote. Linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, usiibane. Hapa ni ukingo wa Bonde la Ufa, na mitetemeko ya Julai 2007 kutoka upande wa mlima Gelai ilisikika Arusha mjini. Linta izunguke nyumba yote bila kukatika, kwa ukuta wa aina yoyote.

Mambo yanayoamua zaidi ya tofali

Elekeza nyumba ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Tuko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua la mchana, karibu saa 6 na nusu, hupita upande wa kaskazini likiwa nyuzi 63 kutoka upeo wa macho. Desemba hupita kusini, nyuzi 70. Upenu wa sm 60 hufunika sm 118 za ukuta wa kaskazini Juni na sm 165 za ukuta wa kusini Desemba. Dirisha lote linabaki kivulini. Upenu huohuo, upande wa magharibi saa 10 na nusu jioni mwezi Machi, hufunika sm 40 tu. Hakuna upenu unaoshinda jua la jioni. Upande huo weka stoo, bafu na jiko, au panda mti.

Mjini Moshi, madirisha yakabiliane ili upepo uvuke chumba, na yafunguke yote; la kuslaidi hufunguka nusu. Bati la rangi nyeupe au nyepesi, dari, na matundu chini ya upenu na juu kwenye kipembe ili hewa moto itoke. Arusha, dari ni ya lazima zaidi kuliko matundu makubwa, na madirisha ya kaskazini yapate jua la asubuhi ya Julai pale ukungu unapofunguka. Bati tupu bila dari hushinda juhudi za ukuta wowote, huku na kule.

Kwa hali yako

Uko Moshi mjini, TPC (kwenye mashamba ya miwa) au Himo, una udongo mwekundu na huna haraka: tofali za kufungamana bila lipu, upenu mpana, magharibi bila vyumba vya kulala.

Uko Moshi ya chini kwenye udongo wa mbuga: bloku ulizofyatua mwenyewe. Fedha ya kuleta udongo kwa lori ihamishie kwenye dari na madirisha.

Uko Ngaramtoni, Sakina, Tengeru ya juu au Marangu, na tanuru lenye kuni za shamba liko karibu: za kuchoma kwa kuta za nje, na ukuta mwembamba ndani. Kama kuni hazina asili inayojulikana, tumia kufungamana au bloku, ukitilia mkazo dari na madirisha yasiyovuja hewa.

Unajenga nyumba ya kupangisha kwa haraka, mafundi wanabadilika: bloku. Simamia umwagiliaji mwenyewe.

Msingi wako tayari ni wa ukuta wa sm 15: usilazimishe tofali za kuchoma za sm 23 juu yake.

Umeshanunua tofali za kuchoma na zimejaa kiwanjani: moto umeshawaka, kuziacha zioze na kununua nyingine ni hasara ya pili. Zichague kwa mlio, mbichi ziende ndani, na upunguze mota kwa kupanga za kimo kimoja katika kozi moja. Kwa mita za mraba 150, mota ikishuka kutoka kilo 16 hadi 12, umeokoa mifuko 12.